Shaba Hufuata Saksafoni

Jumanne, tarehe kumi na tisa Machi. Mvua ilianza kabla sijaamka, na nilipofungua dirisha ilikuwa bado inanyesha, mvua ya kutulia, bila upepo wala radi, kama mgeni asiye na haraka ya kuondoka. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikaomba jambo moja tu: Ee Mungu, siku ya leo ipite kama siku nyingine.

Nilikuwa na sababu. Siku hiyo tulikuwa na kazi ya kurekodi, na kulikuwa na jambo ambalo nilikuwa nikilijua na shemeji yangu hakulijua.

Mimi napiga tromboni. Shemeji, mume wa dada yangu mkubwa, anapuliza saksafoni. Watu wa studio wanamwita Pumzi, kwa sababu enzi zake alikuwa akishika sauti moja mpaka mpiga ngoma anacheka na kupoteza mdundo. Hana bendi. Kazi yake ni ya kuitwa. Mwimbaji akitaka wimbo wake uwe na shaba, yaani vyombo vya kupuliza, anampigia simu Pumzi, naye anakuja na watu wake wawili: mimi, na mpiga tarumbeta tunayemwita Kifaru kwa tabia yake ya kuvamia wimbo kabla ya wakati. Sauti zetu zote tatu anazipanga Pumzi mwenyewe, kwa penseli, kwenye meza ya jikoni kwa dada. Pengine umemsikia maisha yako yote bila kujua jina lake. Ile saksafoni ya kwenye tangazo la sabuni ni yeye. Ile inayolia redioni kabla ya taarifa ya habari ni yeye pia.

Tuna desturi yetu. Kabla ya kuanza, Pumzi anachukua sauti ya la, noti ya kulinganishia vyombo, kwenye kinanda, kisha mimi na Kifaru tunaichukua kwake. Kinanda hatukiulizi. "Shaba hufuata saksafoni," alitufundisha tangu mwanzo. "Bora tukosee pamoja kuliko mmoja awe sahihi peke yake." Na ni kweli. Sikio la msikilizaji huwasamehe watatu walioshuka pamoja, lakini halimsamehe mmoja anayebishana na wenzake. Desturi hiyo ilitulisha miaka yote. Ndiyo pia iliyotuficha.

Niligundua kwa njia ya ajabu. Tromboni nilijifunza kwa kusikia tu. Kusoma noti nimeanza ukubwani, kwenye masomo ya jioni, katika darasa la shule ya msingi ambako magoti yangu hayaingii chini ya dawati. Jioni moja mwalimu wetu alisimamisha kinanda chake akaniangalia.

"Baba, mbona mkono wako unakwenda mbali hivyo? Noti zako zote zinaanguka chini."

"Ndivyo nilivyozoea, mwalimu."

"Umezoea wapi?"

Tromboni haina vitufe vya kukuongoza. Kuna mkono wa kusukuma bomba na sikio, basi; bomba likienda mbali, sauti inashuka. Na mkono wangu ulikuwa umezoea kumfuata mtu mmoja. Nilirudi nyumbani nikimwomba Mungu kosa liwe langu. Nilijirekebisha kwa kinanda cha mwalimu mpaka nikanyooka. Lakini tulipokutana tena na Pumzi, mkono ulitoka wenyewe ukaenda kule kule mbali, kumtafuta. Kosa halikuwa langu, lilikuwa lake.

Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa dada. Nilimkuta anakunja nguo. Alimaliza shuka aliyokuwa ameishika, akasema, "Ndiyo maana aliniambia niache kuimba."

Dada yangu ameimba akifanya kazi tangu alipokuwa msichana. Hata wapangaji wa jirani walikuwa wanajua kwamba amefika kwenye masufuria kwa wimbo aliokuwa anaimba.

"Alikuambia lini?"

"Kitambo. Alisema sauti yangu imeharibika, inamuumiza. Nikadhani ni uzee."

"Mbona hukuniambia, dada?"

"Ningekuambia nini? Kwamba mume wangu amenikataza kuimba jikoni kwangu?"

Tulikubaliana kuomba. Nani amwambie, hapo hatukukubaliana. Mtu ambaye ametembea na sikio lake maisha yote kama wengine wanavyotembea na cheti, utaanzia wapi kumwambia limekwisha? Kila mmoja wetu alimsukumia mwenzake, na siku zikaenda.

Ndiyo hali niliyokuwa nayo asubuhi ile ya mvua.

Studio yetu ni nyumba ya kawaida ambayo madirisha yake yamezibwa kwa magodoro. Chumba kikubwa ndimo tunamorekodia sisi watatu, tumesimama nusu duara, Pumzi katikati, mimi kushoto kwake, Kifaru kulia. Pembeni kuna kichumba cha mwimbaji, kinachotosha mtu mmoja na maiki. Fundi mitambo, binti mmoja mpole ambaye husema maneno machache kuliko vifaa vyake, alitupokea mlangoni akiwa na ndoo mkononi.

"Dari limenisaliti," alisema.

Tuliingia tukaona. Chumba kikubwa kilikuwa kinavuja sehemu tatu nne, na mazulia yamelowa.

"Hii ni studio au kisima?" Kifaru aliuliza.

"Cheka, nikupe ndoo ushike." Kisha akamgeukia Pumzi. "Mzee, kichumba kidogo ni kikavu. Leo itabidi mwingie mmoja mmoja."

Mmoja mmoja maana yake hakuna wa kumfuata. Kila mtu atasimama peke yake mbele ya kinanda kilichokwisha rekodiwa, na kinanda hakina adabu kwa wakubwa.

"Tuahirishe," nilisema upesi. "Unyevu huu si mzuri kwa vyombo."

"Tromboni ni ya shaba, Mwanafunzi, si ya sukari," Pumzi alisema. Mwanafunzi ndilo jina alilonipa tangu nianze masomo ya jioni. "Au hujafanya kazi ya nyumbani, unaogopa fimbo?"

Wote wakacheka, nami nikacheka. Nilimtazama Kifaru, nikaona kwamba anacheka kwa mdomo tu. Ndipo nilipojua kwamba naye anajua.

"Nani aanze?" fundi mitambo aliuliza.

"Swali gani hilo?" Pumzi alikuwa tayari anafungua kasha lake. "Saksafoni kwanza. Shaba watafuata."

Wimbo ulikuwa wa shukrani, wa mama mmoja aliyepona ugonjwa mzito. Katikati kuna mahali anaponyamaza, na saksafoni inasema peke yake, kinanda kikiisindikiza kwa mbali. Pumzi aliniambia alipokuwa anakiandika kipande hicho machozi yalimtoka, akamdanganya dada kwamba ni moshi. Mwimbaji alikuwa aje mchana kukisikia.

Tulisimama nyuma ya kioo. Alilowesha ridi, kile kijiti cha mdomoni, akaiweka sawa. Akavaa hedifoni kama anavyovaa siku zote: upande mmoja tu. Kushoto anasikia wimbo; kulia anaacha sikio wazi ajisikie mwenyewe. Wapulizaji wengi hufanya hivyo, kwani ukiziba yote mawili unaupata wimbo lakini unajipoteza.

Akapuliza.

Ilikuwa chini. Si sana. Mtu wa mtaani angesema tu kwamba wimbo una huzuni. Kwetu sisi ilikuwa kama kumwona mtu anashuka ngazi gizani, na mguu wake unakanyaga hewa pembeni ya kila kidato.

"Turudie, mzee," fundi mitambo alisema. "Mashine ilichelewa."

Alirudia. Ilikuwa vile vile.

"Turudie tena, samahani. Nilichomeka waya vibaya."

Alibadilisha ridi. Alinywa maji. Akapuliza, akasimama mwenyewe katikati.

"Binti yangu, hiki kinanda mlikirekodi kiko chini?" aliuliza kupitia maiki. "Kila nikipuliza nakizidi. Nashusha, nashusha, bado nakizidi."

Na kweli alikuwa ameivuta ile sehemu ya mdomo nje, ndivyo sauti inavyoshushwa, mpaka kizibo chake kikaonekana chote. Alijisikia yuko juu kumbe yuko chini, na kila alivyojirekebisha alizidi kuzama. Niliomba macho wazi. Niliomba umeme ukatike. Umeme unaokatika hata siku ya jua kali, siku ile ya mvua ulikaa imara kama mlima.

"Ni kifua tu, mkubwa, baridi hii," Kifaru alisema kwenye maiki. "Pumzika kidogo."

"Kifua changu kina nini? Wewe ndiye unapumua kama treni."

Fundi mitambo aliacha mkono juu ya vitufe. Sijui kama alikuwa ameelewa kitu au uongo ulikuwa umemwishia tu. Alisema taratibu, "Mzee, hebu hamisha hedifoni. Wimbo usikie kwa sikio la kulia."

"Kwa nini?"

"Jaribu tu, baba."

Alihamisha. Akapuliza. Safari hii alikuwa juu, juu waziwazi, kama mtu anayepandisha sauti ili agombane. Hakufika mbali. Alishusha saksafoni, akaomba apewe ile la ya kinanda peke yake. Akaiweka hedifoni kushoto, akahamisha kulia, akarudisha kushoto. Alifanya hivyo taratibu, tena na tena, kama mtu anayepokea simu mbili zenye habari mbili tofauti za mtu mmoja. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Sikio la kugundua kosa alikuwa bado nalo moja.

Alitoka kichumbani.

"Tangu lini?"

Maji yalikuwa yanadondoka kwenye ndoo.

"Nimeuliza, tangu lini?"

"Kabla ya mvua za mwaka jana," fundi mitambo alisema. "Mkishaondoka nawanyanyua sauti wote watatu kwa kompyuta. Mkiwa pamoja mnanyanyuka vizuri, hakuna anayejua."

"Kifaru?"

"Mimi naivuta tarumbeta nje kidogo, mkubwa. Si kitu."

"Na wewe, Mwanafunzi?"

"Mimi nakufuata, shemeji. Ndivyo ulivyotufundisha."

Aligeuza ndoo moja tupu, akaikalia. "Kumbe nimebebwa mgongoni muda wote huu," alisema, "nami najisifu kwamba natembea."

Fundi mitambo alijaribu kukinyanyua kile kipande kwa kompyuta, tukakisikiliza pamoja. Saksafoni ilifika mahali pake, lakini ilikuwa na sauti ya mtu aliyebanwa pua. Pumzi alitikisa kichwa. "Huyo simjui," alisema. Mwimbaji alipigiwa simu asije.

Kwa daktari wa masikio tulikwenda wanne. Dada na mimi tulialikwa, Kifaru alijialika. Chumba kilikuwa kidogo, akasimama mlangoni kama mlinzi. Daktari alimpigia Pumzi sauti kwenye sikio la kushoto, kisha la kulia.

"Umesikia sauti ngapi?"

"Mbili. Ya pili iko juu."

"Ni moja, mzee. Ile ile."

Alitueleza kwa upole. Sikio la ndani upande wa kulia limeumia, na pamoja na kusikia kidogo linasikia vibaya. Huenda ni homa kali aliyowahi kuugua. Huenda ni kelele za miaka. "Kazini, nani hukaa upande wako wa kulia?"

Jibu lilitoka mlangoni: "Ni mimi, daktari."

"Unapiga nini?"

"Tarumbeta."

Pumzi alicheka, cheko la kweli kabisa, la kwanza tangu Jumanne. "Si nilikuambia, Kifaru? Nilikuambia utaniua kwa pembe." Lakini Kifaru hakucheka. Alikuwa anatazama viatu vyake, na mabega yake makubwa yalikuwa yanatikisika, ikabidi dada amshike mkono.

"Dawa?" dada aliuliza.

"Kuna kifaa cha kukuza sauti. Kitaikuza, hakitainyoosha."

"Nikiziba pamba hilo la kulia?" Pumzi aliuliza.

"Saksafoni unaishika kwa meno, mzee. Sauti inapita kwenye mfupa mpaka ndani. Ukiziba kwa nje, ndani itavuma zaidi."

"Tutamwomba Mungu," dada alisema.

"Ombeni, mama," daktari alijibu. "Mimi sina zaidi." Nilimheshimu kwa kutotudanganya, nikamchukia kidogo kwa sababu hiyo hiyo. Mungu anisamehe.

Nyumbani tuliomba. Dada alifunga kula, nami nilifunga. Nilidhani labda Mungu ameacha mlango mmoja wazi, kwa maana Pumzi anapoandika hasikilizi kwa sikio, anasikia kichwani. Nilimpelekea mwalimu wangu karatasi za ule wimbo wa shukrani akazipiga kwenye kinanda. Hakuna noti hata moja iliyokuwa imekosewa. Nilikimbia kumwambia.

"Basi utaandika, shemeji. Wengine wapulize."

"Mpishi asiyeweza kuonja, utakula kwake?"

"Nitakula."

"Haya, leta tromboni."

Nilimpigia sehemu yangu pale jikoni. Uso wake ulijikunja kama aliyeng'ata jiwe kwenye chakula. Akachukua kifutio akafuta noti, akaandika nyingine, akaniambia nipige tena. Ile mpya ilikuwa mbaya. Aliifuta hiyo nayo.

"Iache ya kwanza," nilimsihi. "Ilikuwa nzuri."

"Nzuri kwa nani?"

Dada alikuwa anaosha vikombe amefungulia maji kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Hakuimba. Nilitaka kumwambia aimbe tu, kwamba sauti yake haina kasoro, na kwamba sasa sote tunajua. Lakini kujua hakukuwa kumeondoa maumivu aliyoyasikia mumewe kila alipoimba, kwa hiyo hata kibali hicho sikuwa nacho cha kumpa.

Pumzi mwenyewe ndiye aliyetafuta mtu wa kupuliza mahali pake. Alimpigia simu mama mmoja anayepiga saksafoni kwenye bendi ya polisi, mtu wa nidhamu na sauti safi. Tulirudi studio asubuhi moja kavu. Dari lilikuwa limezibwa na mazulia yamekauka. Dada alikuja na mumewe, jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya. Na Pumzi alikuja na kasha la saksafoni.

"La nini, mkubwa?" Kifaru aliuliza.

"Seremala akienda kazini huacha randa nyumbani?"

Tulisimama nusu duara chumba kikubwa. Yule mama wa polisi alisimama katikati, lakini alipoona Pumzi anavaa mkanda wa saksafoni yake shingoni, alisogea upesi akampisha. Kifaru, bila mtu kumwambia, alihama kutoka kulia akaja kusimama nyuma yangu.

"Mzee," yule mama alisema, "nimeambiwa hapa la inachukuliwa kwako."

Alisema kwa heshima tu. Hakujua. Fundi mitambo nyuma ya kioo aliinamisha kichwa. Dada alishika mkoba wake kwa mikono miwili. Niliomba, na sikumbuki niliomba nini, maana nilikuwa nimekwisha omba yote.

Pumzi alipeleka saksafoni mdomoni, akatoa la. Ndefu, nzuri, imejaa, ile pumzi iliyompa jina. Na ilikuwa chini.

Yule mama alisikia. Nyusi zake zilicheza. Kisha, kwa ajili ya adabu, mkono wake ukaenda kuvuta mdomo wa saksafoni yake ili imfuate. Nyuma yangu nilisikia Kifaru anavuta tarumbeta. Na mkono wangu, Mungu wangu, mkono wangu nilioufundisha jioni zote zile, ulitoka wenyewe ukaenda mbali, kumtafuta.

Pumzi aliuona. Alikata sauti.

"Shemeji. Rudisha mkono."

Niliurudisha.

"Nikipuliza chini, unakwenda wapi?"

"Shemeji, tafadhali."

"Unakwenda wapi?"

"Nakuja huko huko."

"Usije." Alivua mkanda shingoni, akaishika saksafoni mikononi kama mtu anayemshikia mwingine mtoto. "Nilikufundisha vibaya. Hapana, nilikufundisha vizuri, lakini sasa imekwisha. Dada yako yuko hapa, Kifaru yuko hapa, huyu mgeni wetu yuko hapa, na yule wa nyuma ya kioo anasikia. Niahidi mbele yao, kwa mdomo, si kwa kutikisa kichwa."

Nilimtazama dada. Alikuwa analia bila sauti, lakini aliitikia kwa macho.

"Naahidi," nilisema. "Mbele ya dada yangu, na mbele ya hawa wote, na Mungu anasikia. Ukishuka, shemeji, sitakufuata tena."